Mwimbaji wa Gari la Moshi Aliyegeuzwa Nusu Paa

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba Nairobi kuna mtaa uitwao Fedha, kwanza hucheka, kisha huuliza kama huko fedha zaokotwa njiani. Haziokotwi. Fedha ni mtaa wa Embakasi, upande wa mashariki wa jiji, karibu na barabara ya Outer Ring. Majumba yake ya ghorofa yamesongamana bega kwa bega, na ndege ziendazo uwanja wa Jomo Kenyatta huunguruma hata mtu akakatiza maneno yake akangoja zipite. Wakaazi wake ni wa kila kabila la Kenya. Ukikaa hapo siku moja ya mapumziko utasikia adhana, utasikia kwaya, utasikia benga na rumba, na ukitega sikio vizuri utasikia jambo ambalo sisi wa Mombasa na Lamu hatulitarajii: nyimbo za Wazungu wa mashambani Marekani, ule muziki uitwao kantri.

Mapenzi ya watu wa bara kwa muziki huu si siri. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, lakini katika nyumba nyingi za Nairobi na Bonde la Ufa husikilizwa kama aliyeimba juzi. Wako pia wenyeji wauimbao wenyewe. Mashuhuri wao ni Elvis Otieno, ajulikanaye kwa jina la Sir Elvis, aliyezaliwa mwaka 1977, mwaka aliofariki Elvis Presley, akapewa jina la marehemu. Kofia pana, viatu vya ng'ambo, gita mkononi, naye ni mtoto wa Kenya halisi.

Nilikwenda Fedha kwa arusi ya mpwa wangu. Nilipanda gari la moshi jipya, hili la tangu 2017, nikashuka Syokimau, na kutoka hapo Fedha si mbali. Ghorofa ya juu ya wenyeji wangu akaa mzee mmoja wa Kericho, mstaafu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alasiri moja alikuwa barazani kwake, simu yake imeegeshwa kwenye kikombe kitupu ili sauti ivume. Akiimba mwanamume mmoja na gita lake tu. Kila afikapo mwisho wa ubeti, sauti yake yapanda ghafula kutoka kifuani, yavunjika kooni, yawa nyembamba kama ya mtoto, kisha yashuka tena. Wajuzi wauita uimbaji huo yodeli.

Nikamuuliza, "Mzee, ni nani huyu?"

"Huyu ni Jimmie Rodgers, Ustadh. Lakini kwetu jina lake ni Chemirocha." Akacheka kidogo. "Na kwetu si mtu kamili."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Najua wako masheikh watakaonikunjia uso kwa kuusumbukia muziki wa Mmarekani, nami sina ugomvi nao. Suala la muziki lina vitabu vyake na wenyewe wa kulijibu. Mimi ni mtu wa mashairi, na kilichonishika ni safari ya jina.

Basi tuanze na mwenye jina. James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji ujivuniao kuwa kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mamaye alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Babaye alikuwa mnyapara wa reli, na kijana akalelewa huku na huko, mara kwa jamaa, mara kambini kwa wafanyakazi wa njia. Kambi hizo zilikuwa na watu weusi wengi, wapigao nyundo kwa nyimbo, na yasemwa kwamba huko ndiko alikojifunza namna yao ya kuimba. Baadaye akawa mshika breki wa magari ya moshi, kazi ya kufunga na kuachia mabehewa, kazi ya jua na mvua na moshi.

Mwaka 1924 akapatikana na kifua kikuu. Msomaji wa leo akumbuke kwamba wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Mshika breki mwenye mapafu mabovu hana kazi. Rodgers akawa na mke, mtoto, ugonjwa, na gita.

Hapa ndipo kisa chake kinapopendeza. Mwezi wa Julai 1927 kampuni ya santuri ya Victor ilimtuma bwana mmoja aitwaye Ralph Peer hadi Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, kutafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers alikuwa na kundi lake. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi wakagombana, na yaelezwa kwamba walichogombania kilikuwa ni jina: santuri ikitoka, iandikwe jina la nani? Wenziwe wakajitenga. Tarehe 4 Agosti yeye akaingia peke yake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100.

Laiti wangepatana, huenda tusingemjua. Sauti ile, ikifunikwa na zeze na banjo za wenziwe, isingebaki sikioni. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo akarekodi huko Camden, New Jersey, wimbo uitwao "Blue Yodel", ukauzwa kwa mamia ya maelfu, na mtu aliyekuwa hana nauli akawa tajiri wa ghafula. Alijinunulia magari, akajenga nyumba Texas, akafanya filamu fupi mwaka 1929 amevaa sare za reli. Mwaka 1930 akarekodi Los Angeles na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, katika nchi ambayo kusini kwake mweupe na mweusi hawakuruhusiwa kunywa maji bomba moja. Mambo hayo nayapita upesi, maana vitabu vyake ni vingi.

Nisichoweza kukipita ni mwisho wake. Mwaka 1931 aliimba wimbo juu ya kifua kikuu, ugonjwa wake mwenyewe, si kwa kujililia bali kama mtu atoaye habari ya adui aliyekwisha kuingia nyumbani. Sisi tuliosoma chuoni hufundishwa mapema kwamba pumzi ni amana: pana mahali pa kuvuta na mahali pa kukata, na asiyejua pumzi yake huharibu maana. Sifananishi, Mwenyezi Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba mtu ambaye kila pumzi yamuuma, kisha akachagua uimbaji utakao pumzi kuliko mwingine wote, huyo yuko vitani. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kurekodi. Ndani ya studio paliwekwa kitanda. Aliimba wimbo mmoja, akalala, akainuka akaimba mwingine. Kazi ya mwisho ilifanywa tarehe 24. Tarehe 26 akafariki hotelini, umri wake miaka 35. Maiti yake ikarudishwa Meridian kwa gari la moshi.

Aliacha nyimbo zaidi ya 100 zilizoimbwa katika muda usiotimia miaka sita. Mwaka 1961, Marekani walipoanzisha jumba la heshima la waimbaji wa kantri, jina lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya kwanza, pamoja na Hank Williams na Fred Rose.

Sasa nawaomba wasomaji tuvuke bahari, kwani bila hivyo mtu wa pwani atasema, "Yanihusu nini?" Mwezi wa Machi 1928, miezi michache baada ya Rodgers kuimba Bristol, Siti binti Saad wa Fumba alipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay na wapigaji wake, akina Subeit bin Ambari na Maalim Shaaban, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Kampuni hiyo na ile ya Victor zilikuwa ndugu, na alama yao moja: mbwa aketiye mbele ya tarumbeta la gramafoni akisikiliza sauti ya bwana wake. Mzee yeyote aliyekuwa na gramafoni atamkumbuka mbwa huyo. Basi mbwa mmoja alimsikiliza mshika breki wa Mississippi na mbwa huyo huyo akamsikiliza muuza vyungu wa Fumba, na wote wawili walikuwa mafukara ambao ulimwengu usingewajua lau si sahani ile nyeusi. Siti naye jina lake si la kuzaliwa. Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Atakaye habari zake kwa ufasaha akasome wasifu alioandika Shaaban Robert.

Santuri za Rodgers hazikukaa Marekani. Zilichapwa Uingereza, zilichapwa Australia, zilichapwa India, na mahali popote palipokuwa na gramafoni ya kupinda kwa mkono zikafika. Katika nchi ya Wakipsigis, kwenye vilima vya chai vya Kericho, ziliingia na Wazungu. Watu wakakusanyika kuisikiliza sauti itokayo sandukuni. Mwenye sauti hakuonekana. Miguu yake haikuonekana, nguo zake hazikuonekana, na ile sauti yake ya kuvunjika haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, haikuwa ya mtu wala ya mnyama. Walilopata kwa yakini lilikuwa jina, nalo wakalitamka kwa ulimi wao: Chemirocha.

Litamke polepole utamsikia Jimmie Rodgers ndani yake. Lakini msikilize tena kwa sikio la Kericho. Majina mengi ya mabinti wao huanza hivyo: Chebet, Chelagat, Chemutai. Mwanamume wa Mississippi akapewa jina linaloingia katika orodha ya mabinti wa nyumbani, wala hakuwa na habari, maana alikwisha kuzikwa.

Mwaka 1950, mwaka ule ule aliofariki Siti, alipita Kenya Mwingereza aitwaye Hugh Tracey. Huyu alikuja Afrika ya kusini kijana kwa ajili ya kulima, nyimbo za Waafrika zikamvuta hadi akaacha jembe, na maisha yake yote yaliyosalia, mpaka alipofariki mwaka 1977, alizunguka na mitambo yake akinasa sauti kutoka Kongo hadi Unguja. Akafika Kapkatet. Wakipsigis wakamwimbia nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Ya tatu iliimbwa na msichana Chemutoi Ketienya na wenziwe, kwa kinubi kiitwacho chepkong.

Tracey aliandika katika maelezo yake kwamba wasichana wale wamemgeuza mwimbaji yule kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu paa, na kwamba katika wimbo wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka ya Kikipsigis, aruke kwa nguvu hata atoke ndani ya nguo zake.

Niliposoma hayo nilikumbuka paa wa Sultani Darai. Watoto wa Unguja na Mombasa walilelewa na hadithi hiyo: maskini anunua paa kwa senti alizookota jaani, paa asema kama mtu, amtafutia bwana wake binti wa sultani, jumba na mali, na mwishowe bwana yule, akiisha kuwa mkubwa, amsahau na kumdharau hata paa afa kwa uchungu. Kwa hiyo paa msemaji si mgeni kwetu. Mmarekani atakayesoma kwamba shujaa wake amegeuzwa nusu mnyama huenda akadhani ametukanwa. Mimi naona amepandishwa cheo. Katika hadithi za watu wetu wa Afrika ya Mashariki, mnyama asemaye ndiye mwenye akili katika kisa. Mjinga ni yule binadamu.

Nimeusikiliza wimbo wa Chemutoi mara nyingi tangu nirudi. Haufiki hata dakika mbili. Ndani yake hamna gita, hamna yodeli, hamna hata kipande kimoja cha sauti ya Rodgers ambacho mahakama yoyote ingeweza kukidai. Kinubi chazunguka palepale kama gurudumu la maji, sauti za wasichana zaingia moja baada ya nyingine, na katikati yake jina lapita, lapita tena. Wala haukuniingia kama wimbo wa mzaha. Una kitu cha kuita, kama watu walio kando ya msitu wakimwita mtu ambaye wanajua hatoki.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Sisi pwani tuna ugomvi wa zamani juu ya nyimbo za kuazima. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwezi wa Aprili 2014, alipendwa Mombasa nzima kwa tarabu zenye sauti za filamu za Kihindi, na wako wazee waliomlaumu: maneno ni yetu, tungo za akina Ahmad Nassir, bahari ya lugha isiyo na mwisho, lakini mavazi ni ya Bombay. Wengine wakajibu kwamba vazi si mtu. Mimi nilikuwa upande wa pili na ningali huko. Bhalo alitwaa sauti akaacha jina. Hakuna aliyesikia tarabu yake akataja mwimbaji wa Kihindi. Wasichana wa Kapkatet walitenda kinyume chake, walitwaa jina wakaacha sauti. Na katika njia hizo mbili, ya wasichana ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa aliyeazima sauti ana ngazi ya kukanyaga, ama aliyeazima jina tupu lazima ajenge nyumba nzima mwenyewe.

Waandishi wa Ulaya na Marekani hupenda kukieleza kisa hiki kama ushahidi wa ukubwa wa Jimmie Rodgers: tazameni, alifika hata Afrika! Kweli alifika. Lakini aliyefika ni nani? Mshika breki, kifua kikuu, magari na nyumba ya Texas, vyote vilibaki njiani. Ukubwa ulio ndani ya wimbo ule ni wa Chemutoi. Rodgers alileta mbegu ya neno moja, na ardhi ilikuwa na mazao yake tangu zamani.

Wala nyimbo za reli na za gita moja bara hazikungoja jina la mtu kutoka Mississippi ili zistawi. Wakikuyu wana mchezo uitwao mugithi, maana yake gari la moshi: mwimbaji mmoja na gita lake, na wachezao hushikana mabegani wakafuatana mstari mmoja kuzunguka ukumbi kama mabehewa. Ukiutazama utaapa kwamba mtu fulani aliwafundisha habari za mshika breki. Wao watakwambia reli ilipita mashambani mwao, macho wanayo.

Kanda za Tracey zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wimbo wa Kapkatet ukatolewa katika santuri, ukasikilizwa na wanafunzi na wapenzi wa muziki nchi za mbali, watu wa Magharibi wakauimba upya. Kapkatet wenyewe hawakuwa nao. Miaka zaidi ya 60 ikapita. Katika miaka ya 2010 ndipo maktaba hiyo, pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walipozirudisha sauti hizo kwa wenyewe, wakawatafuta wazee waliokuwapo siku ile ya 1950, na baadhi yao wakapatikana wangali hai, wakajisikia wakiimba ujanani.

Nilimwuliza yule mzee wa Fedha kama wimbo huo ulikuwa ukiimbwa kwao alipokuwa mdogo. Akasema Chemirocha lilikuwa jina tu la kutajwa na watu wazima, naye hakujua kwamba lina santuri mpaka mjukuu wake alipompigia kwa simu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba jambo lililomchoma halikuwa kuusikia wimbo, bali kusoma maandishi yake.

Nikayatafuta maandishi hayo nikayaelewa machungu yake. Jina la Jimmie Rodgers, ingawa limepinduliwa herufi zake zote, liko juu kabisa, ndilo jina la wimbo. La Hugh Tracey liko, mwenye mitambo. La Chemutoi Ketienya liko, na ashukuriwe Tracey kwa hilo, kwani wengi wa wenziwe wa zama zile hawakujisumbua hata kuuliza. Baada ya jina lake yamefuata maneno mawili tu: na wasichana. Kwa sauti nionavyo mimi hawapungui watano. Wao ndio waitikiao kila Chemutoi anapotua, na ndio walioshika mwisho wa wimbo, kwa maana yeye ananyamaza kabla yao.